Somo la Esta Liko Ukutani

Ukitaka kujua kama mwanafunzi wa kemia wa sekondari ameelewa esta au amekariri tu, mpeleke nyuma ya darasa lake, pale rangi ilipovimba na kubanduka, umuulize kwa nini. Akisema "ni unyevu," amepata nusu. Akisema "rangi ilikuwa feki," amepata robo. Jibu kamili analo mwenyewe kwenye daftari, ukurasa ule wa kutengeneza sabuni, ila hakuna aliyemwambia kwamba sabuni na ukuta ule ni habari moja.

Naandika haya kwa walimu watarajiwa wenzangu, hasa sisi wa sayansi, kwa sababu BTP inakaribia na wengi tumeshaanza kukusanya nukuu za mwaka juzi tukazisome mbele ya darasa. Hoja yangu ni fupi. Tukifundisha esta na asetati bila kugusa kopo la rangi, tunawanyima watoto somo ambalo wazazi wao wanalilipia kila mwaka kwa pesa taslimu, na ambalo mafundi wanalilipia kwa mapafu yao.

Mimi ni mtoto wa Mang'ula, pale chini ya milima ya Udzungwa, kwenye njia ya Kidatu kwenda Ifakara. Mvua ya kwetu si ya kubahatisha. Ukuta uliopakwa Januari unaweza kuona masika ya kwanza ukiwa umeshachoka. Shule moja niliyosoma, jina nalihifadhi, ilipigwa lipu na kupakwa rangi wiki hiyo hiyo kwa sababu kulikuwa na ugeni mkubwa. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Kabla ya mwaka kuisha, nusu ya chini ya kuta ilikuwa inatoka magamba kama samaki. Pesa ilikuwa ya michango ya wazazi. Lawama ilimwangukia muuza duka, kwamba kauza rangi mbovu. Inawezekana kabisa rangi haikuwa na kosa lolote.

Asetati ni nini, kwa lugha ya nyumbani

Waliosoma Iringa wanaujua ulanzi uliolala siku nyingi: unachacha. Kilevi kilichomo, ambacho kemia inakiita ethanoli, kinaliwa na bakteria wanaotumia hewa ya oksijeni, na kinachobaki ni asidi asetiki. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye siki ya dukani, ambapo huwa kiasi cha asilimia 5 hivi, nyingine yote ikiwa ni maji.

Asidi hiyo ikikutana na metali au besi inatoa chumvi, na chumvi hiyo inaitwa asetati. Ikikutana na alkoholi inatoa esta, nayo tunaiita asetati pia. Kwa hiyo neno ni moja lakini watoto ni wa aina mbili, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Kuna asetati za chumvi, kama asetati ya kalsiamu na asetati ya risasi. Kuna asetati za esta, kama etili asetati, butili asetati na vinili asetati. Zote zimeingia kwenye rangi, lakini kila moja kwa mlango wake. Moja inabaki ukutani, moja inapaa hewani, na moja haikupaswa kuingia nyumbani kabisa. Nitazipitia kwa mpangilio huo.

Inayobaki ukutani

Mwaka 1912 mkemia Mjerumani, Fritz Klatte, alipata vinili asetati. Ni kimiminika ambacho molekuli zake, ukiziamsha vizuri, zinashikana mikono na kuwa mnyororo mrefu, yaani polima: polivinili asetati. Wewe unaifahamu hata kama hujawahi kuisikia. Ile gundi nyeupe ya maseremala, inayokauka na kuwa kama plastiki angavu, ndiyo hiyo.

Sasa chukua polima hiyo, isambaze kwenye maji kwa chembechembe ndogo kiasi kwamba jicho haliioni hata moja, maji yote yaonekane kama maziwa. Weka unga wa rangi na unga wa chokaa wa kujazia. Umepata rangi ya maji. Siyo rangi zote za maji zinatumia vinili asetati. Nyingine, hasa za nje na za bei ya juu, zinatumia akriliki. Lakini rangi nyingi za ndani za bei nafuu duniani zimejengwa juu ya vinili asetati, mara nyingi ikiwa imechanganywa na polima nyingine ili isiwe ngumu na kupasuka.

Rangi ya maji inakaukaje? Maji yanapaa, chembechembe zinasogeleana, zinabanana, mwisho zinayeyukiana na kuwa utando mmoja. Ndiyo maana ikishakauka haitoki kwa maji, japo ilikuja na maji. Muulize mwanafunzi wako swali hilo siku ya kwanza: "Kama brashi inaoshwa kwa maji, kwa nini mvua haioshi ukuta?" Darasa lote litaamka.

Turudi kwenye magamba. Simenti ikishika, moja ya vitu inavyozalisha ni haidroksidi ya kalsiamu, chokaa ile ile tunayoijua. Maji yaliyomo ndani ya lipu mbichi yana pH inayozidi 12. Hiyo ni alkali kali. Na sisi tumefundishwa kwamba esta ni kama ndoa ya asidi na alkoholi. Maji peke yake yanaweza kuivuruga ndoa hiyo polepole na inaweza kurudiana. Alkali haina mchezo huo. Alkali inatoa talaka tatu: asidi inageuka chumvi na haiwezi tena kurudi kwa mwenzake.

Akina mama wa vikundi wanapochanganya mafuta na kostiki kupata sabuni, wanachofanya ndicho hicho. Mafuta ni esta, kostiki ni alkali, sabuni ni chumvi ya asidi. Lipu mbichi inafanya vivyo hivyo kwa rangi. Inakata vipande vya asetati kutoka kwenye mnyororo, vinakuwa asetati ya kalsiamu, na mnyororo unaobaki unaelekea kuwa polivinili alkoholi, kitu ambacho kinakubali kulowa maji. Yaani gamba lililokuwa linakataa mvua linaanza kuikaribisha. Masika yakifika, kazi imekwisha. Na usidhani rangi ya mafuta inaokoka. Nayo uti wake ni esta, kwa hiyo kwenye lipu mbichi inaweza kulainika, kunata na kubanduka. Tafsiri yake ni kwamba ukuta umegeuza rangi kuwa sabuni.

Unyevu una sehemu yake, sibishi. Maji yanayopanda kutoka ardhini yanabeba chumvi na alkali mpaka kwenye rangi, na kwa nyumba za bondeni kama zetu hilo ni la kila siku. Ndiyo maana magamba huanzia chini. Lakini anayesema "unyevu" tu, bila kutaja alkali, hatajua kwamba dawa ya kwanza ni ya bure: kusubiri. Desturi ya watu wa rangi ni kuiacha lipu wiki nne hivi, na msimu wa mvua zaidi ya hapo. Kama huwezi kusubiri, kuna prima zinazostahimili alkali, na kuna chokaa ya kawaida, ambayo haina esta ya kuvunjwa, kwa hiyo haiogopi simenti mbichi.

Likizo iliyopita nilimuuliza fundi mmoja wa Mang'ula, mtu mzima aliyepaka nyumba nyingi kuliko umri wangu. Nilimpa shikamoo, nikamuuliza kwa nini anapenda kuuacha ukuta kwanza.

"Simenti mbichi inaunguza rangi, mwalimu," aliniambia. Kwao ukishaanza ualimu tu umeshakuwa mwalimu. "Ukipaka leo, mwakani unarudia. Lakini mwenye nyumba anataka kuhamia Jumamosi. Utamwambia nini?"

Hajawahi kusikia neno saponifikesheni, ila anajua simenti inaunguza. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kuandika mlinganyo wote wa saponifikesheni kwa Kiingereza, na hajui kwamba ukuta wa darasa lake unaufanya mlinganyo huo usiku na mchana. Elimu imekatwa vipande viwili: kimoja kiko kwenye daftari kwa Kiingereza, kingine kiko ukutani kwa Kiswahili. Kazi ya mwalimu, na sisi ndio walimu, ni kuviunganisha.

Inayopaa hewani

Fungua chupa ya rangi ya kucha. Ile harufu tamu inayokupiga ni esta, kwa kawaida etili asetati na butili asetati. Hizi hazibaki. Kazi yao ni kuyeyusha kile kinachobaki, kukibeba mpaka kwenye ukucha, halafu kuondoka. Etili asetati inachemka nyuzijoto 77 tu, chini ya maji, ndiyo maana rangi ya kucha inakauka ukiwa bado unapiga stori.

Maseremala na watu wa gari wanatumia ndugu zake. Tina ya kupulizia vanishi na rangi za gari ni mchanganyiko wa viyeyushi vingi, na asetati mara nyingi zimo, pamoja na vingine kama tolueni na asetoni. Historia yake ni tamu. Zamani kupaka gari rangi kulichukua siku nyingi, hata wiki, kwa sababu rangi ya mafuta ilikauka polepole. Miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ya Marekani ikaleta rangi ya nitroselulosi yenye viyeyushi vya aina hii, na kazi ya wiki ikawa ya saa. Magari ya rangi rangi yakaanza kumiminika.

Lakini kinachotoka kwenye rangi kinaingia mahali. Kikipulizwa kwenye banda la mabati lisilo na dirisha, kinaingia kwa fundi na kwa kijana wake anayejifunza kazi. Kizunguzungu, kichwa kugonga, macho kuwasha. Tolueni kwenye tina ni mbaya zaidi kuliko asetati, na ikivutwa miaka mingi inaharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Halafu kuna moto. Mvuke wa etili asetati unaweza kushika moto hata kukiwa na baridi kuliko barafu: nyuzijoto 4 chini ya sifuri zinatosha. Kwenye joto la Ifakara, kopo la wazi karibu na jiko la mkaa ni bomu linalosubiri. Na mvuke huu ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, kwa hiyo moto unaweza kuwa upande wa pili wa chumba na bado ukaufikia.

Nimeona mafundi wakijifunga kitambaa puani wakiamini kinachuja. Kitambaa, hata barakoa ile ya Korona, kinazuia vumbi na matone. Mvuke ni molekuli moja moja, unapita kama hewa yenyewe. Kinachosaidia ni hewa kupita, yaani kupulizia nje au penye madirisha pande mbili, au barakoa yenye kichujio cha mkaa maalumu. Hilo ni somo la "chembe za maada" la kidato cha kwanza, jamani. Tunalifundisha kwa kuchora duara ubaoni, halafu mwanafunzi huyo huyo anaenda kujifunza upulizaji na kitambaa usoni.

Ambayo haikupaswa kuingia

Ya tatu ndiyo inayoniumiza zaidi, na ndiyo ya zamani kuliko zote.

Kwa karne nyingi rangi nyeupe bora Ulaya ilitengenezwa hivi: vipande vya madini ya risasi vinawekwa kwenye vyungu vyenye siki chini yake, vyungu vinafukiwa kwenye mbolea ya samadi, vinaachwa wiki kadhaa. Mvuke wa siki, pamoja na hewa, unaigeuza risasi kuwa asetati ya risasi. Samadi inayooza inatoa joto na hewa ya kaboni dioksidi, nayo inaigeuza asetati ile kuwa kabonati nyeupe ya risasi. Unaikwangua, unaisaga, unaichanganya na mafuta. Hapo asetati ilikuwa daraja, bila yake risasi isingevuka. Asetati ya risasi pia iliwekwa kwenye rangi ya mafuta ili ikauke haraka.

Asetati hiyo ina ladha tamu. Wazungu waliiita sukari ya risasi. Fikiria sumu yenye utamu, halafu fikiria mtoto wa miaka miwili anayeweka kila kitu mdomoni.

Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto mdogo inagusa ubongo: kujifunza, kukumbuka, kutulia. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa kuzuia risasi nyeupe kwenye upakaji wa ndani ya majengo ni wa mwaka 1921. Zaidi ya miaka 100 imepita! Siku hizi kikomo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi kavu, na hapa kwetu shirika la AGENDA la Dar es Salaam limekuwa likipima rangi za mafuta zinazouzwa madukani na kudai kikomo hicho kiheshimiwe. Hatari kubwa huwa kwenye rangi za mafuta zenye kung'aa, hasa njano, nyekundu na kijani, kwa sababu unga wa rangi wenyewe unaweza kuwa na risasi.

Sasa niambie, bembea za chekechea zinapakwa rangi gani? Njano, nyekundu, kijani. Na rangi ya zamani ikianza kubanduka, tunaikwangua kwa msasa mkavu, vumbi linaruka, watoto wako pembeni wanatazama. Mwalimu anayejua atafanya mambo mawili yasiyo na gharama: ataloweka kwanza kwa maji ili vumbi lisiruke, na atawaondoa watoto. Dukani atasoma kopo kabla ya kulipa, atatafuta alama ya TBS na maneno ya kuwa haina risasi. Asiyejua atawaita wanafunzi waje wasaidie kukwangua, kwa kisingizio cha elimu ya kujitegemea.

"Lakini silabasi haisemi hivyo"

Najua majibu yatakayokuja, maana tumeshabishana sana kwenye vimbweta. La kwanza: NECTA haiulizi rangi. Kweli, ila inauliza esta, polima, pH, alkali, kasi ya mmenyuko na usambaaji wa gesi. Ukuta mmoja unavyo vyote. Kutumia ukuta si kuongeza mada, ni kuipa mada mahali pa kukaa kichwani.

La pili: hakuna maabara wala kemikali. Kwa somo hili hazihitajiki. Chemsha rozela, upate maji mekundu. Lowesha kidogo kwa maji safi sehemu ya ukuta wenye lipu mpya, dondoshea tone la rozela. Likiacha wekundu na kuelekea kijani au buluu, ukuta bado una alkali na haujawa tayari kwa rangi. Rudia kila wiki, wanafunzi waandike tarehe na rangi waliyoona. Hiyo ni tafiti, na shule inaokoa pesa. Kwa polima, kausha matone ya gundi nyeupe kwenye nailoni, moja liloweke kwenye maji matupu, jingine kwenye maji ya chokaa, walinganishe siku baada ya siku wakiwa wamevaa glovu. Chokaa inaunguza macho, kwa hiyo mwalimu ndiye anayeichanganya.

La tatu ndilo zito: lugha. Mtihani ni kwa Kiingereza, sasa ukieleza kwa Kiswahili utamsaidiaje mtoto? Mimi naona umeshamsaidia. Akishaelewa kwamba simenti inaunguza rangi kwa kuvunja esta, neno saponifikesheni ni jina tu la kitu anachokijua, na jina la kitu unachokijua halisahauliki. Anayeanza na jina, bila kitu, hulibeba mpaka siku ya mtihani na kulitua pale pale mlangoni.

Na kuna jambo ambalo watu wa bonde letu wanapaswa kulisikia. Miwa inayotuzunguka inakamuliwa kiwandani, molasi inabaki, na Kilombero molasi hiyo inageuzwa kuwa spiriti. Spiriti ni ethanoli. Ethanoli ikiachwa kwa bakteria na hewa ni siki. Siki na ethanoli, kwa msaada wa asidi kali, ni etili asetati. Nchini India viwanda vinatengeneza etili asetati kwa spiriti ya molasi, vinauza kwa watu wa rangi na wa dawa. Sisemi kesho tutajenga kiwanda Mang'ula. Ninasema mtoto wa mkata miwa ana haki ya kujua kwamba shamba analopita kila asubuhi ni mwanzo wa kemia anayoikariri, siyo mahali pa kukimbilia akifeli.

Kwa hiyo, mwenzangu unayeenda BTP, ukipangiwa kijijini usilalamike kwamba hakuna vifaa. Siku ya kwanza zunguka majengo. Tafuta ukuta unaobanduka, utaupata, sina wasiwasi. Muulize mkuu wa shule ulipigwa lipu lini na kupakwa lini, kwa adabu, bila kumtia aibu. Mtafute fundi aliyepaka, mwalike darasani dakika 20, mpe kiti na heshima yake, aeleze anachokijua. Kisha wewe andika ubaoni mlinganyo mmoja tu. Na uongozi wa shule ukianza kupanga ugeni mwingine, rangi ikaagizwa kabla lipu haijakauka, usinyamaze. Wape tarehe ya kupaka, na uwaambie kwa nini.